UZI: Kolibri jakobini wa Panama, jike mmoja kati ya watano ana sura ya dume. Anafaidika nini?

#1 Kisogo_Cheupe (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Namleta mezani kolibri (wale ndege wadogo wanaoelea mbele ya maua) wa misitu ya joto ya Amerika: jakobini kisogo-cheupe, Florisuga mellivora. Urefu sentimita 11 hadi 12, uzito gramu 6 hadi 9. Yupo kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Bolivia na Brazili, na visiwani Trinidad na Tobago.

Dume ana kichwa na kifua cha buluu nzito, mgongo wa kijani unaometa, tumbo jeupe, mkia mweupe wenye ukingo mwembamba mweusi, na baka jeupe kisogoni lenye umbo la mwezi mchanga. Jike wa kawaida ni kijani mgongoni, koo na kifua vina magamba ya giza yenye kingo nyeupe, mkia ni wa kijani na ncha ya buluu iliyokolea. Baka la kisogoni hana.

Sasa shughuli iko hapa. Kule Gamboa, kando ya Mfereji wa Panama, watafiti Jay Falk, Michael Webster na Dustin Rubenstein walinasa zaidi ya ndege 400 wa aina hii, na kazi yao ikatoka 2021. Takribani asilimia 20 ya majike wazima wana mavazi ya dume, kuanzia kichwa cha buluu hadi mkia mweupe. Ukimwona juu ya ua huwezi kumtofautisha.

Maelezo yaliyopo ni mengi na yanagongana. Karibuni tuyachambue.

#2 Mtwana wa Kaya

Mbona hawa tunao? Huku pwani ya Kenya wanajaa kwenye mikilifi na mikomamanga asubuhi, wanameta hivyo hivyo.

#3 Nyavu36

@Mtwana wa Kaya hao ni chozi, bwana. Kolibri wote, zaidi ya spishi 300, wako mabara ya Amerika tu. Afrika hakuna hata mmoja. Chozi na kolibri wamefanana kwa kuwa wote wanaishi kwa mbochi, yaani maji matamu ya maua, ila ukoo ni tofauti kabisa. Ndugu wa karibu wa kolibri ni teleka, wale wa angani.

Namna ya kuwatofautisha hata kwa video mbovu: chozi hupenda kutua na kushika tawi anapokunywa. Kolibri huelea mbele ya ua, bawa lake hugeuka kwenye bega na kusukuma hewa kwenda na kurudi, ndiyo maana anaweza kurudi kinyumenyume kutoka ndani ya ua.

Na ukimwona kitu kinaelea kwenye maua jioni huko Kilifi, huyo ni nondo.

#4 Kipepsi

Mellivora si jina la nyegere, jamani? Mellivora capensis, yule jambazi wa mizinga.

#5 Nyavu36

Nyegere ni jenasi, huyu ni jina la spishi. Linnaeus alimwandika huyu ndege 1758. Turudi kwenye mada kabla nyegere hajavunja uzi.

#6 Mbochi Tamu

Jibu langu ni fupi: chakula.

Kolibri wa gramu 7 anaendesha mwili wenye moto mkubwa kuliko karibu mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Akikosa mbochi saa chache mchana anaanza kula akiba, na usiku wengi hushusha joto la mwili na kuzima mpaka alfajiri ili wafike asubuhi. Kwa hiyo nafasi ya kukaa kwenye ua zuri kwa sekunde kumi zaidi ni mali.

Gamboa walifunga vilishio (chupa za maji ya sukari za kulishia ndege) vyenye visomeo vya chipu, ndege wakawekewa chipu ndogo, na kila anayekuja anaandikwa namba yake, saa na muda aliokaa. Majike wenye sura ya dume walikuja mara nyingi zaidi na kukaa muda mrefu zaidi kuliko majike wa kawaida. Dume la jakobini ni mgomvi. Ukivaa sare yake, wengine wanakupisha.

#7 Dada Kerengende

@Mbochi Tamu hapo umeanza na matokeo ukaruka sababu. Kwa nini wanampisha? Jambo lenyewe ni kubughudhiwa.

Waliweka ndege waliokaushwa, wa sura tatu: dume, jike wa kawaida, jike mwenye sura ya dume. Wakawapachika kwenye vilishio na kuhesabu nani anashambuliwa na nani anachumbiwa. Jike wa kawaida ndiye aliyepata yote mawili, kufukuzwa na kutongozwa. Tazama uzito wa hilo: kama sura ya dume ingekuwa pambo la kuvutia madume, tungeona madume wanawaendea wale wenye pambo. Wao wakawaendea wa kawaida. Basi nadharia ya kwamba jike anajipamba apate mchumba imekufa palepale.

Kwa kerengende wembamba wa jenasi Ischnura jambo hili linajulikana zamani. Baadhi ya majike wana rangi ya dume, na faida inayotajwa ni kupunguza usumbufu wa madume wanaotaka kupanda kila dakika.

#8 Mbochi Tamu

Ila kerengende jike anasumbuliwa kwa ajili ya kupandwa. Hapa Gamboa jike anafukuzwa kwenye chakula. Usiunganishe vitu viwili kwa sababu neno ni moja.

#9 Dada Kerengende

Kwenye kilishio hivyo viwili vinatokea mahali pamoja na kwa dakika moja. Kavitenganishe wewe.

#10 Ukucha

Wote mnauliza swali kwa nyuma.

Kwa ndege wengi, kinda anapotoka kiotani anafanana na mama. Jakobini ni kinyume: makinda wote, wa kike na wa kiume, wana mavazi ya dume mara tu wanapoanza kuruka. Wanatofautishwa na dume mzima kwa michirizi ya rangi ya kutu kwenye mashavu, basi.

Kwa hiyo kila jike wa aina hii alianza maisha akiwa na kichwa cha buluu. Wale asilimia 20 hawajageuka kuwa kama madume, wamebaki walivyokuwa. Waliobadilika ni asilimia 80. Swali linakuwa: kwa nini majike wengi wanayavua mavazi yenye faida?

Tena jambo hili linapiga msumari mwingine nadharia ya uchumba. Kinda hajafika umri wa kuzaa, pambo la kuchumbia la nini?

#11 Mzee wa Takwimu

@Ukucha naomba ueleze mtu anajuaje kwamba ndege mwenye kichwa cha buluu ni jike na si dume. Bila hapo asilimia 20 ni hewa.

#12 Ukucha

Swali zuri. Kwa macho huwezi, kwa hiyo inafanyika hivi.

Kwanza umri. Unamshika ndege, unachukua lenzi ya kukuza mara 10, unatazama ubavu wa mdomo wa juu. Kinda ana mikwaruzo midogo ya mshazari kwenye ganda la mdomo, inayoanzia karibu na uso kwenda mbele. Kadiri anavyokua ganda linakuwa laini na mikwaruzo inafutika. Kipimo ni urefu wa sehemu yenye mikwaruzo ukilinganisha na mdomo mzima. Zungusha mdomo polepole kwenye mwanga wa pembeni. Mwanga wa mbele moja kwa moja unaifuta mikwaruzo na utamwita kinda mtu mzima.

Pili jinsia. Tone dogo la damu kutoka ncha ya ukucha, unalinyonya kwa karatasi maalumu au kulitia kwenye spiriti. Maabara wanatazama jeni ya CHD, ambayo ipo kwenye kromosomu Z na W kwa ukubwa tofauti. Ndege dume ni ZZ, jike ni ZW. Kwa hiyo kwenye jeli ya kutenganisha vipande vya DNA dume anatoa mstari mmoja, jike miwili. Kinachoharibu kazi hapa ni damu kidogo mno: mstari wa W ukishindwa kutokea, jike anasomeka kama dume. Ndiyo maana sampuli inarudiwa.

#13 Mzee wa Takwimu

Imeeleweka, ahsante.

#14 Sukari Guru

Mimi nina shaka na vilishio vyenyewe. Kilishio ni ua ambalo haliishi. Msituni ua la mhelikonia au la muinga, mimea ya huko, linatoa mbochi kidogo, linakauka, ndege anahama. Ukitundika chupa ya lita moja umewakusanya ndege ambao wasingekutana, lazima wapigane. Unapima ugomvi uliouleta mwenyewe.

Jakobini ni ndege wa juu kwenye matawi na ukingoni mwa msitu, anakula maua ya miti mingi na kunasa wadudu hewani. Hajafungwa kwenye ua moja kama wale kolibri wenye midomo iliyopinda.

#15 Nyavu36

@Sukari Guru hoja ni ya kweli nusu. Mti mkubwa ukichanua wote kwa pamoja msituni unakuwa vilevile: kolibri wa aina nyingi wanajazana na kufukuzana kuanzia alfajiri. Kilishio kinaongeza tu idadi ya mikutano.

Lakini kama mtu anataka kurudia jaribio hili, aanze na maji ya sukari kwanza, maana wengi wanakosea hapo.

#16 Sukari Guru

Hapo nipeni nafasi, ni fani yangu.

Kipimo cha kawaida ni sukari nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4. Watu wanasema hiyo ni asilimia 20. Siyo. Kikombe cha sukari ni kama gramu 200, vikombe vinne vya maji ni kama mililita 950. Ukigawa kwa uzito unapata karibu asilimia 17. Ukitaka asilimia 20 halisi, pima gramu 250 za sukari kwa lita 1 ya maji. Asilimia 25, gramu 333 kwa lita. Kwa kulisha ndege nyumbani tofauti hii haina neno. Kwa jaribio la kulinganisha kilishio kizuri (sukari nyingi) na kibaya (sukari kidogo), hiyo tofauti ndiyo jaribio lenyewe.

Chemsha maji, zima moto, koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe kabisa. Sukari nyeupe tu. Asali inaleta ukungu na vijidudu haraka, sukari ya kahawia ina chuma ambayo mwili wa kolibri haihitaji kwa wingi huo, rangi nyekundu haina kazi kwa kuwa wekundu wa chupa unatosha.

Kwa joto la Panama badilisha kila siku. Maji yakianza kuwa na ukungu mweupe au kunuka chachu, umechelewa tangu jana. Osha kwa maji ya moto na brashi ndogo ndani ya matundu. Madoa meusi ya kuvu hujificha pale mdomo unapoingia.

Sisimizi: weka kikombe cha maji juu ya kilishio, kwenye waya wa kutundikia, wasivuke. Usipake grisi, itashika manyoya.

#17 Kipepsi

Na ukikuta asubuhi chupa imekauka na jana jioni ilikuwa nusu? Majini?

#18 Sukari Guru

Popo. Amerika ya Kati kuna popo wanywa mbochi, akina Glossophaga, wanaelea mbele ya kilishio usiku na kukimaliza. Ukiwa unapima matumizi kwa kuangalia mililita zilizopungua, popo wameshakuharibia hesabu. Ondoa vilishio jua likizama, rudisha kabla ya mwanga wa kwanza. Usichelewe kurudisha, kolibri amefunga usiku kucha na ziara zake za mwanzo ndizo muhimu kuliko zote kwenye data.

#19 Nyavu36

Naongezea upande wa chipu.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mzigo usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Ndege wa gramu 7, hiyo ni gramu 0.21, kwa hiyo chipu ndogo ya kioo inaingia bila shida, ila kifaa chochote chenye betri ni ndoto. Chipu isiyo na betri inasomeka kwa sentimita chache tu. Maana yake lazima koili ya antena izunguke tundu la kunywea, na matundu mengine yote yazibwe. Watu wanatundika kilishio chenye matundu manne na antena moja, halafu wanashangaa ndege fulani haji. Anakuja, anakunywa upande wa pili.

Kosa jingine: ndege akikaa tundu moja kwa sekunde 40 mashine inaandika mistari mingi. Ni ziara moja. Amua mapema pengo la sekunde ngapi linahesabika kuwa ziara mpya, na lisibadilike katikati ya msimu.

#20 Mama Mizani

Salaam wadau. Nimesoma kuanzia #6, mmesahau jambo la kati: je, hawa majike wenye sura ya dume ni wababe kweli, au wanaigiza?

Hizo ni hadithi mbili tofauti. Ya kwanza: kuna majike wa aina mbili, wagomvi na wapole, na rangi ni tangazo la kweli la ugomvi. Ya pili: majike wote ni sawa, ila wengine wamevaa sare ya askari bila kuwa na rungu.

Mwaka 2022 Falk, Rubenstein na Webster, wakiwa na Alejandro Rico-Guevara, walilitazama hilo. Walipima maumbile, uwezo wa mwili na tabia, vitu vinavyomfanya ndege ashinde ugomvi. Madume wako juu. Majike wa sura mbili hizo, tofauti yao ni ndogo sana. Yaani ni uigizaji, ndani ya spishi moja.

#21 Mzee wa Takwimu

Nguvu ya ndege wa gramu 7 inapimwaje? Mieleka?

#22 Mama Mizani

😀 Kuna njia maarufu kwa kolibri, ni rahisi kuliko unavyodhani. Unatunga shanga kwenye uzi, vikundi vyenye uzito uliopimwa, kila kikundi na rangi yake. Uzi unafungwa kwenye mpira mwembamba unaovishwa ndege. Unamwachia kutoka chini ndani ya boksi refu lenye wavu juu. Ndege kwa silika anapaa wima, kila anapopanda anainua shanga zaidi kutoka sakafuni, mpaka anafika kikomo na kuelea hapo kwa sekunde moja hivi kabla ya kushuka. Kamera inahesabu shanga zilizobaki chini. Zilizo hewani ndizo mzigo. Rudia mara kadhaa na uchukue kubwa kuliko zote, kwa sababu ndege asiyejituma anakupa namba ndogo na si kwamba ni dhaifu.

#23 Dada Kerengende

@Mama Mizani hapo sasa uigizaji unatoa jibu la kwa nini wasiwe wote. Tapeli anafanikiwa akiwa mchache. Majike wote wakivaa buluu, buluu haimaanishi tena mgomvi, na wengine watagundua kwamba kumshambulia mwenye kichwa cha buluu mara nyingi hakuna hatari. Faida inashuka. Idadi inajirekebisha yenyewe.

#24 Ukucha

Kwa nadharia sawa. Ila kumbuka makinda. Kila msimu msitu unajaa makinda wenye sura ya dume ambao nao ni dhaifu. Ukijumlisha makinda na asilimia 20 ya majike, matapeli ni wengi kuliko unavyohesabu, na bado sare inafanya kazi. Kwa hiyo kikomo hicho kiko wapi?

Mimi naona gharama iko kwingine: kiotani. Dume la jakobini halijengi, haliatamii, halileti chakula. Yote ni kazi ya jike. Kiota chenyewe kinakaa juu ya jani pana, mara nyingi chini kabisa, na jani jingine juu yake kama paa. Jike wa kijani mwenye magamba-magamba akilala pale hapatikani. Mwenye mkia mweupe anaonekana na kila nyoka na kila ndege mla mayai.

#25 Mbochi Tamu

Umehesabu viota vingapi vya kila sura? Hiyo nadharia inavutia, lakini viota vyao ni nadra kuonekana hata Panama kwenyewe.

#26 Ukucha

Sijasema imethibitishwa. Nimesema inaeleza kwa nini mabadiliko yanakuja ukubwani na si utotoni: kinda haatamii.

#27 Kisogo_Cheupe

Kwa kuwa mmefika kiotani: mmeona kile cha 2024? Kilipatikana ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Soberanía, Panama, kazi ikachapishwa 2025. Kinda aliyetoka kwenye yai hakuwa uchi kama makinda wengi wa kolibri. Alikuwa na nyuzi ndefu za manyoya ya kahawia mgongoni, ukimtazama ni kiwavi mwenye vinyweleo kabisa. Nyigu mwindaji alipokaribia, kinda akaanza kupinda na kutikisa kichwa huku na huku, nyigu akaondoka. Watafiti wanasema anaiga viwavi wenye sumu wa msitu ule.

#28 Mzee wa Takwimu

Kiota kimoja, kinda mmoja, nyigu mmoja. Nikileta hiyo kwenye semina ninazomewa.

#29 Kisogo_Cheupe

Ndiyo sababu wenyewe wameiandika kama dhana ya kujaribiwa. Lakini si ajabu ya pekee. Peru mwaka 2015 ilielezwa kwamba kinda wa ndege Laniocera hypopyrra ana manyoya ya rangi ya chungwa yenye ncha nyeupe na anatingisha kichwa polepole, anafanana na kiwavi mwenye sumu wa eneo lake. Kwa hiyo mbinu hiyo ipo duniani.

#30 Nyavu36

Kuna maelezo mengine mawili hayahitaji kiwavi. Moja, kiota kimetengenezwa kwa sufi ya mbegu za mti wa mbalsa, nyuzi za kinda zinaungana na sufi, unaona kifurushi kimoja tu cha manyoya. Ni kujificha. Pili, kutikisa kichwa kunaweza kuwa ni itikio la mtetemo wa jani, kinda haoni nyigu wala hajui nyigu ni nini.

Namna ya kujaribu: viota bandia juu ya majani, vingine na mfano wa kinda mwenye nyuzi, vingine na mfano usio na nyuzi, vingine vitupu, halafu kamera. Mifano ya udongo laini inahifadhi alama za meno na midomo. Tatizo ni kwamba mfano hautikisi kichwa, kwa hiyo unapima nusu tu ya jambo.

#31 Kipepsi

Utotoni kiwavi, ujanani dume, ukubwani jike. Huyu ndege ana vitambulisho vitatu.

#32 Shule ya Zamani

Nawasikia mnaongea kana kwamba haya yalianza 2021. Mwaka 1985 mtafiti Robert Bleiweiss aliandika juu ya majike wa kolibri wenye rangi za dume, akiuliza kama yanahusiana na namna wanavyopata chakula. Na 2021 hiyo hiyo Diamant, Falk na Rubenstein walipitia maelfu ya ndege waliohifadhiwa kwenye makumbusho wakakuta jambo hili linakaribia robo ya spishi za kolibri ambazo dume na jike wanatofautiana rangi. Kwa hiyo msijenge jibu lote juu ya jakobini wa mji mmoja.

Angalizo kwa watu wa makumbusho: kibandiko cha zamani kikisema dume, muulize aliyeandika alijuaje. Mkusanyaji makini alipasua akatazama korodani au ovari. Mvivu alitazama kichwa cha buluu akaandika dume. Vibandiko vya namna hiyo vinapunguza idadi ya majike wenye sura ya dume bila mtu kujua.

#33 Mama Mizani

@Shule ya Zamani hapo kwenye kibandiko ndipo penye maana. Wengi wanaotumia data hizo hawaangalii kabisa.

#34 Jogoo la Shamba

Naingia kwa upande wa homoni. Kwa kuku na bata, mavazi ya jike yanaletwa na homoni ya ovari. Ovari ikiharibika, kuku anaota manyoya ya jogoo akibadilisha manyoya. Yaani mavazi ya dume ndiyo chaguo la msingi, ya jike ni nyongeza.

Jakobini kuanza na sura ya dume utotoni kunaendana na hilo vizuri. Huenda majike wale asilimia 20 ni wenye homoni ya chini tu, au waliochelewa kukomaa, na hakuna faida yoyote iliyowafanya wawe hivyo. Faida ya chakula ikaja kama bahati.

#35 Dada Kerengende

Si ndege wote wanafuata kanuni ya kuku, kaka. Kwa shomoro rangi ya jike na dume haitawaliwi hivyo. Kolibri si jamaa wa kuku wala bata, huwezi kuhamisha tu.

#36 Jogoo la Shamba

Sijahamisha, nimeweka kwenye orodha. Kwenye nadharia zenu zote hakuna aliyesema kinachoendesha mabadiliko ndani ya mwili ni nini.

#37 Mdau wa Tobago

Salaam. Kitu kidogo: jakobini wa Tobago ni nususpishi nyingine, flabellifera, mkubwa kuliko wa bara. Ndugu yake pekee kwenye jenasi ni jakobini mweusi, Florisuga fusca, wa msitu wa Atlantiki nchini Brazili, ambaye dume na jike karibu wanafanana. Kundi lao pamoja na kolibri wa jenasi Topaza lilijitenga mapema sana kwenye mti wa ukoo wa kolibri. Ukilinganisha ndugu hao wawili, huwezi kusema moja kwa moja kama kwenye jenasi hii tofauti ya dume na jike ndiyo ya kale au kufanana ndiko kwa kale.

#38 Mbochi Tamu

Naongeza chumvi: hata chakula chenyewe si cha kolibri peke yake. Ndani ya maua kuna utitiri, wadogo sana, wanaokula mbochi hiyo hiyo. Mtafiti Robert Colwell alionyesha kwa maua ya mmea wa hamelia kwamba wanaweza kumaliza hadi asilimia 40 ya mbochi. Wanasafiri kwa kupanda mdomoni mwa kolibri na kujificha kwenye matundu ya pua, halafu wanashuka wakifika ua la aina yao. Mwaka 2025 ikaonyeshwa kwamba wanahisi chaji ya umeme ya mwili wa ndege na kuirukia.

Ukimshika jakobini, tazama puani kwa lenzi ileile ya @Ukucha.

#39 Kipepsi

Abiria asiyelipa nauli, anakula na mzigo wa konda.

#40 Mzee wa Takwimu

Haya. Nani ana jaribio la kutenganisha sababu ya chakula, ya uchumba na ya kiota? Nisikie namba, si mashairi.

#41 Mama Mizani

Ningeanza na majike ambao tayari wana chipu. Chukua wenye sura ya dume, nusu uwabadilishe waonekane wa kawaida, nusu uwaguse vivyo hivyo bila kubadilisha kitu, kisha fuatilia ziara zao siku 10 kabla na siku 10 baada. Wakipoteza nafasi kwenye kilishio kizuri na kubaki sawa kwenye kibaya, chakula kinapata nguvu. Fanya nje ya msimu wa kuzaliana, halafu ndani ya msimu. Usumbufu ukipungua nje ya msimu, uchumba ulikuwa na mkono.

#42 Nyavu36

Kumbuka rangi ya kolibri si ya kupaka. Buluu na kijani vinatokana na tabaka za vijisahani vyenye hewa ndani ya unyoya. Mwanga ndio unaotengeneza rangi. Kalamu ya wino inaweza kufuta mng'ao, kuzima baka la kisogoni, kupaka giza mkia mweupe. Lakini hakuna kalamu itakayompa jike wa kijani kichwa cha buluu kinachometa. Kwa hiyo jaribio linaenda upande mmoja: unaweza kumvua, huwezi kumvika.

Na usipake zaidi ya mara moja. Wino mzito unagandisha vijinywele vya unyoya, maji ya mvua yanaingia, na ndege wa uzito huo akilowa kwenye mvua ya Oktoba Panama hafiki asubuhi.

#43 Ukucha

Mkia unatosha. Dume akifukuza anaukunjua wote, ndiyo bendera yake. Anza na mkia, acha kichwa.

#44 Mbochi Tamu

Kichwa ndicho kinachoonekana ndege akiwa amezama kwenye ua, mkia umefumbwa. Anza na kichwa.